Theluthi Isiyofika Nyumbani

Kuna neno la watu wa pwani ambalo siku hizi hutajwa katika nchi ya majani chai pengine kuliko linavyotajwa Lamu. Neno hilo ni jahazi. Mchumaji wa Kericho au Konoin, ambaye huenda hajapata kuiona bahari maishani mwake, huketi kizingitini mwa nyumba yake ya kambi jioni, akaishika simu na kuomba jahazi lake liokolewe. Okoa Jahazi ni mkopo wa salio utolewao na kampuni ya Safaricom. Mtu akiomba shilingi 50 huandikiwa deni la 50 na kupewa salio la 45. Shilingi tano ni ada. Deni hukatwa mara tu anapoongeza salio jingine. Kwa njia hiyo hujipatia dakika chache za kuuliza kama mtoto amepona homa na kama mahindi yamepaliliwa.

Aliyelibuni jina hilo alisema kweli kuliko alivyokusudia, kwa maana shamba kubwa la chai ni chombo cha baharini kisichosafiri.

Nitaeleza. Abiria anayepanda mojawapo ya zile meli za kitalii ambazo hutia nanga Mombasa hupewa kadi, na tangu saa hiyo hagusi tena noti wala sarafu. Kinywaji ni kadi. Picha ni kadi. Kufuliwa shati ni kadi. Bahashishi ya watumishi mara nyingi huongezwa katika hesabu yake kila siku, aombe asiombe. Intaneti huuzwa mbali, kwa siku au kwa safari nzima, na asiyeuzima mtandao wa simu yake meli ikishaingia maji makuu huweza kunaswa na mtambo wa meli ambao bei yake si ya nchi kavu. Usiku wa mwisho huletewa hesabu. Wapo wanaoisoma wakicheka, na wapo wanaoisoma mara mbili. Wasafiri wazoefu hupeana shauri jepesi: itazame hesabu yako kila usiku, usingoje ule wa mwisho.

Sasa tazama shamba. Tangu kampuni ya Brooke Bond ilipoanza kupanda chai Kericho katikati ya miaka ya 1920 (jinsi ardhi hiyo ilivyotoka mikononi mwa Wakipsigis na Talai ni kisa kinachostahili makala yake), wachumaji waliletwa kutoka mbali na kuwekwa katika safu za nyumba ndani ya shamba lenyewe. Nyumba ni ya kampuni, zahanati ni ya kampuni, na mara nyingi shule pia. Wenye mashamba wamebadilika: Unilever iliinunua Brooke Bond mwaka 1984, kisha ikaiuza biashara yake ya chai mwaka 2022. Safu za nyumba zimebaki. Mchumaji ana nambari ya kazi. Kilo zake hupimwa na kuandikwa, makato yake huandikwa, na fedha huwa tarakimu kwa majuma manne kabla ya kuwa fedha. Kati ya tarehe mosi na mwisho wa mwezi mwenye duka la karibu naye huandika katika daftari lake. Ni kadi ile ile ya meli, ila imetengenezwa kwa karatasi.

Kilichonishughulisha mimi kama mwalimu ni ile simu, zaidi ya duka.

Walimu wenzangu waliofundisha katika miaka ya 1990 watakumbuka kwamba mwalimu wa shule ya shambani alikuwa pia karani wa barua. Mzazi alikuja jioni na karatasi iliyokunjwa, akaomba asomewe na aandikiwe majibu. Fedha zilikwenda nyumbani kwa hawala ya posta, au mkononi mwa utingo wa matatu aliyeaminika, au ndani ya soksi ya ndugu aliyekuwa akirudi likizo. Simu ilikuwa ile ya kibanda cha Shirika la Posta na Simu, na foleni yake, na sarafu zikidondoka moja moja huku mtu akizisikia. Sisemi kwamba zama zile zilikuwa bora. Barua ya msiba ilifika maziko yakiwa yamepita. Lakini kila mwasiliano ulikuwa na bei iliyoonekana kwa macho, na aliyeishiwa sarafu alinyamaza.

Simu za mkononi zikaenea kuanzia mwaka 2000, M-Pesa ikaja Machi 2007, na neema yake kwa watu wa mashambani haina haja ya kuhubiriwa. Mama wa Mogogosiek anaweza kulipa dawa ya mzazi wake Nyamira kabla chai haijachemka. Ndipo Januari 2019 ikaja Fuliza, inayomruhusu mtu kutuma au kulipa fedha ambazo hana. Hutozwa ada ya mwanzo, kisha ada ya kila siku kwa kadiri ya deni linalobaki. Ada hizo zilipunguzwa mwaka 2022, na deni dogo likalegezewa siku za mwanzo, jambo la kushukuriwa. Fedha yoyote inayoingia katika akaunti ya mdaiwa hukatwa kwanza kulipa deni. Wanafunzi wa Kiswahili na walitazame neno lenyewe: kufuliza ni kutenda jambo mfululizo pasipo kupumzika. Sijui kama ipo bidhaa nyingine nchini iliyopewa jina la uaminifu kama hilo.

Hapa ndipo penye hoja yangu, nami naomba wasomaji wanivumilie nikiingia katika sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ina vifungu vilivyotungwa na watu walioijua historia ya mashamba. Kifungu cha 17 kinamkataza mwajiri kumshurutisha mfanyakazi autumie mshahara wake mahali ambapo mwajiri ana maslahi. Kifungu cha 20 kinadai mfanyakazi apewe maelezo ya mshahara na ya kila kilichokatwa. Kifungu cha 19 kinasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Walimu hatuhitaji kufafanuliwa hicho cha mwisho. Ni nani kati yetu ambaye hajaambiwa na karani wa sacco kwamba mkopo alioutaka haupatikani kwa sababu theluthi yake imefikiwa? Theluthi moja ibaki, ili mtu ale na apeleke nyumbani. Ndiyo maana ya kifungu.

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za ubao tu. Mchumaji anachuma kilo 40 kwa siku, siku 24, kwa shilingi 15 kila kilo. Zinakuwa kilo 960 na mshahara wa shilingi 14,400. Hifadhi ya NSSF, bima ya afya, ushuru wa nyumba, ada ya chama cha wafanyakazi, sacco na mkopo wa sacco, yote yakijumlishwa hayawezi kisheria kupita 9,600. Zinabaki 4,800, theluthi iliyolindwa. Fedha hizo zinapelekwa katika simu yake. Mle ndani linasubiri deni la 2,000 pamoja na ada zake. Kabla hajaifungua simu, theluthi imekwisha kupungua karibu nusu, na hakuna kifungu kilichovunjwa, kwa sababu sheria inaulinda mshahara mpaka mlangoni mwa mwajiri. Ukishavuka kizingiti umetoka katika hesabu yake. Anatuma 2,000 nyumbani. Zinazobaki zinafika tarehe kumi. Tarehe kumi na moja anafuliza tena.

Nilimwuliza mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi, kwa nini asipunguze kupiga simu. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini asipunguze kupumua. "Mwalimu," akasema, "mtoto wangu wa pili yuko kwa nyanya yake. Akinisikia jioni, hulala."

Jibu lake ndilo lililonifanya nitilie shaka mahubiri mepesi ya matumizi mazuri ya fedha. Tunamwambia mchumaji aweke bajeti kana kwamba sauti ya mtoto ni soda. Haba na haba, tuliambiwa tukiwa wadogo, hujaza kibaba. Hapa haba na haba hukimwaga kibaba, na kila haba moja ina sababu ya heshima.

Na turudi baharini, kwani huko sheria imelitazama jambo hili kwa macho yaliyo wazi zaidi. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unamtaka mwenye meli amwezeshe baharia kupeleka sehemu ya mshahara wake kwa jamaa zake, kwa wakati wake, na ada ya kazi hiyo iwe ya kadiri. Marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2022, yakaanza kutumika Desemba 2024, yaliongeza kwamba mabaharia wapatiwe intaneti melini kadiri inavyowezekana, na kama wanatozwa basi bei iwe ya haki. Ilichukua janga la Korona, wakati maelfu ya mabaharia walipokwama baharini kwa miezi wasijue habari za kwao, ili dunia ikubali kwamba kusikia sauti ya nyumbani ni haki ya mfanyakazi aliyefungiwa mahali pa kazi, sawa na chakula na maji. Kwa hiyo kijana wa Bomet akipata kazi ya kuhudumu katika meli ya kitalii, na vijana wetu wanaitafuta kazi hiyo, ipo hati inayomtambua kama mtu mwenye mama. Mama mwenyewe, aliye kambini katikati ya chai, anaiokoa jahazi yake peke yake.

Najua nitajibiwa kwamba hakuna aliyelazimishwa kukopa. Ni kweli. Tena Fuliza imewafikisha wagonjwa hospitali usiku wa manane, na mtu akinionyesha njia nyingine ya kupata nauli saa nane ya usiku huko Kapkoros nitanyamaza. Siombi ipigwe marufuku. Mkataba wa Kulinda Mishahara wa mwaka 1949 haukuyapiga marufuku maduka ya makampuni. Ulidai tu kwamba mfanyakazi asilazimishwe kununua humo, na pale ambapo hakuna duka jingine la karibu, bei iwe ya haki. Leo duka limehamia ndani ya simu. Si kubwa kuomba kwamba mshahara unapoingia katika simu, mkopeshaji asiruhusiwe kuuzoa wote kwa pigo moja, bali aache fungu fulani, kama sheria inavyomtaka mwajiri aache. Wala si kubwa kuomba kwamba wasemaji wa wafanyakazi na wenye mashamba, wanapokaa kujadili mkataba wa pamoja, waliweke mezani suala la intaneti kambini karibu na lile la nyumba na maji.

Shuleni, hata hivyo, hatuhitaji kungoja bunge. Mwanafunzi wa sekondari msingi anajua kutafuta asilimia ya faida ya mfanyabiashara aliyenunua machungwa. Mpe badala yake hati ya mshahara ya kubuni, yenye kilo, makato na deni la simu, aseme theluthi iko wapi. Nasema ya kubuni kwa makusudi: tusithubutu kumtuma mtoto akalete taarifa ya M-Pesa ya mzazi wake, tukawa tumemvua mzazi nguo mbele ya darasa. Mpe pia hesabu ya abiria wa meli, bahashishi na intaneti, aone kwamba tajiri naye hufichwa bei kwa njia ile ile. Watoto hupenda kuikamata hila ya mtu mzima. Waalike watu wa sacco pia. Imarisha, ambacho asili yake ni chama cha walimu wa Kipsigis, na Ndege Chai, cha wafanyakazi wa chai, wana makarani wanaoweza kueleza riba ya mkopo wa mwaka pembeni ya ada ya mkopo wa siku tatu, na tofauti ikaonekana ubaoni bila mtu kupaza sauti.

Wapo watakaosema haya ni ya watoto wa kambini, kwamba mwana wa mkulima mdogo hayamhusu. Nao wakulima wa KTDA je? Mwaka wao wa hesabu hufungwa Juni, bonasi huja karibu na Oktoba, na katika miezi hiyo yote daftari la duka huandikwa kwa wino wa bonasi ambayo haijatangazwa. Bonasi ya mwaka 2025 iliposhuka katika viwanda vingi vya Kericho na Bomet, watu waliandamana kwa haki yao. Lakini madaftari hayakushuka pamoja nayo, na karo ya Januari nayo haikushuka.

Ningekuwa mkuu wa idara ya hisabati katika shule yoyote kati ya Kapkatet na Silibwet, zoezi hilo ningelifundisha juma la mwisho la Septemba, kabla bonasi haijaingia.