Kazi ya Zimamoto Yataka Elimu

Mtu asimamaye kando ya barabara pale Mai Mahiu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, huona malori yakiteremka mlima mchana na usiku. Mengine yaelekea Narok, mengine Nakuru, na mengine yapita mpaka Uganda. Miongoni mwayo yamo yabebayo petroli, na wenyeji wameyazoea. Lakini ni wazazi wangapi wa hapo waliopata kuwaza kwamba mtoto wao aweza kusomea kazi ya kupambana na moto, kama wengine wasomeavyo ualimu au uganga?

Wengi hudhani kwamba zimamoto ni kazi ya mtu mwenye nguvu na moyo mkuu. Moyo mkuu wahitajika, lakini hautoshi. Tarehe 31 Januari, 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu wakakimbilia na mitungi kuteka mafuta. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tena usiku wa tarehe 10 Desemba, 2016, lori lililobeba shehena iwakayo upesi liliyagonga magari mengine pale Karai, katika barabara hii hii itokayo Mai Mahiu kwenda Naivasha. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha.

Aliyefundishwa ajua mambo yasiyoonekana kwa macho. Ajua ya kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini mpaka mabondeni, hata ukutane na cheche mbali na lori lenyewe. Ajua kwamba petroli huelea juu ya maji na kuendelea kuwaka, bali povu hufunika mafuta na kuuzuia mvuke. Kwa hiyo huanza kwa kuwaondoa watu, ndipo ashike mpira. Hiyo ni fizikia na kemia, masomo yaanzayo shuleni.

Je, njia ya kazi hii ni ipi? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka kazi ya zimamoto mikononi mwa serikali za kaunti. Basi kijana wa Mai Mahiu huitazamia Kaunti ya Nakuru kwanza. Viwanja vikubwa vya ndege navyo vina vikosi vyao. Ngazi ya elimu huanza kwa cheti, hupanda kwa diploma, hata kufikia digrii. Kwa kawaida diploma huhitaji alama ya wastani ya C- katika mtihani wa KCSE, na digrii C+. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, hufundisha elimu ya kukabili maafa hata kiasi cha digrii.

Nchi nyingine zimetangulia katika njia hiyo. Uingereza chama cha wahandisi wa moto kiliundwa mwaka 1918, na hutahini watu wa nchi nyingi. Marekani, Chuo Kikuu cha Maryland kilianza mwaka 1956 kufundisha uhandisi wa kuzuia moto. Wahandisi hao hupima majengo na milango ya kutokea kabla hata cheche moja haijaruka.

Mzazi na aangalie jambo moja kabla ya kulipa karo: chuo cha ufundi sharti kiwe kimeandikishwa na TVETA, halmashauri iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013. Cheti cha chuo kisichotambuliwa ni hasara ya fedha na ya miaka.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Hata hivyo, pale lori lipindukapo, mtu mmoja aliyesoma, awe mvulana au msichana, aweza kuwarudisha nyuma watu mia kabla moto haujawaka. Mtoto wa namna hiyo astahili kulipiwa karo.