Kazi ikiharibika mtamboni, nani alaumiwe?

MALUMBANO kati ya mteja, msanifu wa michoro na mpiga chapa si jambo geni katika maduka ya chapa ya River Road jijini Nairobi. Bibi arusi alichagua kadi za buluu nyangavu, akaletewa za zambarau. Familia iliyofiwa ilitoa picha nzuri ya mzee wao, lakini katika kitabu cha mazishi uso wake umekuwa ukungu mtupu. Kadi ni mia tano, mazishi ni kesho na pesa zimekwisha kulipwa. Je, nani alaumiwe?

Mteja humlaumu msanifu. Msanifu humnyoshea kidole mpiga chapa. Mpiga chapa naye hujitetea kwamba alichapisha kile alichopewa. Ukweli ni kwamba mara nyingi kosa huwa limekwisha kutendeka kabla ya mtambo kuwashwa. Kwa hivyo, iwe wewe ni mwanafunzi unayetafuta riziki kwa kompyuta yako, au ni mzazi anayetayarisha arusi ya bintiye, kuna mambo ambayo huna budi kuyaelewa.

Nuru na wino

La kwanza ni rangi. Skrini ya kompyuta au ya simu hutoa nuru, na rangi zake zote huundwa kwa kuchanganya nuru tatu: nyekundu, kijani na buluu. Nuru hizo zikizidi, rangi hukaribia weupe. Karatasi nayo haina nuru yake. Mtambo hutumia wino wa aina nne, yaani samawati, majenta, manjano na mweusi, na kadiri wino unavyoongezwa ndivyo rangi inavyozidi kuwa giza. Mafundi huuita mfumo wa kwanza RGB na wa pili CMYK.

Kuna rangi ambazo skrini huzionyesha ilhali wino huo wa aina nne hauwezi kuzitoa. Miongoni mwazo ni kijani kinachowaka, chungwa kali na ile buluu nyangavu iliyomtia bibi arusi wetu matatani. Buluu hiyo inapogeuzwa kuwa wino, aghalabu hupewa samawati nyingi na majenta nyingi, na vikikaribiana kwa kiasi, kinachotokea ni zambarau. Dawa yake ni kupunguza majenta hadi iwe chini ya samawati kwa asilimia 30 au zaidi. Kwa mfano, ukiweka samawati 100, majenta isipite 70.

Aidha, maandishi madogo meusi yachapishwe kwa wino mweusi peke yake. Yakichanganywa na wino zote nne, karatasi ikisogea hata kidogo mtamboni, herufi huota kivuli cha rangi na kuumiza macho ya msomaji.

Picha ya mpendwa wako

La pili ni picha, na hapa ndipo familia nyingi huumia. Picha ya kompyuta ni mkusanyiko wa vitone vinavyoitwa pikseli. Kitabu au kadi inayoshikwa mkononi huhitaji pikseli zipatazo 300 kwa kila inchi. Hii ina maana kwamba picha ya kujaza ukurasa mzima wa A4 inataka pikseli 2480 kwa upana na 3508 kwa urefu.

Sasa chukua picha iliyopitia WhatsApp. Programu hiyo huibana picha ili isafiri haraka na isile data nyingi. Tuseme imefika ikiwa na pikseli 1200 kwa 1600. Itatosha vizuri nafasi ya sentimita 10 kwa 13. Lakini ukiitandaza ijaze jalada la A4, unabaki na pikseli 137 hivi kwa kila inchi. Kwenye simu itang'aa, kwenye karatasi itakuwa ukungu.

Suluhisho si gumu. Mwambie mwenye picha aitume kama hati, wala si kama picha ya kawaida, au aitume kwa baruapepe. Ikiwa iliyopo ni ile picha ndogo ya pasipoti tu, usiipige picha kwa simu. Ipeleke ikapitishwe kwenye skana kwa kipimo cha 1200 kwa inchi. Picha ya milimita 35 kwa 45 ikipimwa hivyo hutoa pikseli zipatazo 1650 kwa 2120, na mradi picha yenyewe si hafifu, yaweza kukuzwa hadi sentimita 14 kwa 18.

Siku hizi kuna programu za akili unde zinazoahidi kusafisha picha zilizofifia. Tahadhari! Programu hizo hukisia kile kisichoonekana. Huenda zikakupa uso safi na wa kupendeza, lakini usiwe uso wa marehemu. Waombolezaji watautambua mara moja.

Nembo za kampuni, shule au kikundi zisichorwe kwa pikseli. Zichorwe kwa programu za mistari kama vile CorelDRAW, Illustrator au Inkscape. Nembo ya aina hiyo yaweza kuchapwa kwenye kalamu au kwenye bango la barabarani bila kupoteza ukali wake.

Kisu cha mpiga chapa

Karatasi hukatwa zikiwa zimepangwa rundo, na hakuna kisu kinachokata pale pale kila mara. Ndiyo sababu rangi au picha inayofika ukingoni hupitishwa nje ya mpaka kwa milimita 3 kila upande. Kadi ya biashara ya milimita 90 kwa 55, basi, hutayarishwa ikiwa na milimita 96 kwa 61. Ukikosa kufanya hivyo, baadhi ya kadi zitatoka na mstari mweupe kando. Hali kadhalika, usiweke nambari ya simu karibu mno na ukingo, isije ikakatwa tarakimu ya mwisho.

Kitabu kinachobanwa kwa pini katikati huwa na kurasa zinazogawanyika kwa nne: 8, 12, 16 na kuendelea. Ukileta kurasa 13, utalipia 16 na tatu zibaki tupu. Ni afadhali kupunguza ukurasa mmoja, au kuongeza picha za familia zijaze nafasi.

Uzito wa karatasi nao huhesabiwa kwa gramu katika kila mita mraba. Karatasi kumi na sita za A4 ni sawa na mita mraba moja, hivyo karatasi moja ya gramu 80 huwa na uzito wa gramu tano tu. Hiyo yafaa kwa barua. Kadi ya mwaliko hutaka gramu 250 au 300 ili isilegee mkononi. Kumbuka pia kwamba karatasi isiyong'aa hufyonza wino na kuzifanya rangi zipooze.

Kiswahili na kompyuta

Programu nyingi hudhani kila mtu anaandika Kiingereza. Usipoziambia lugha unayotumia, zitayakata maneno mwishoni mwa mstari kwa kufuata kanuni za kigeni, na neno kama "mwananchi" likaja kuvunjwa pabaya. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na huko ndiko neno likatwako. Chagua Kiswahili katika orodha ya lugha, au uzime kabisa ukataji wa maneno.

Wanaotaka kujifunza kupanga maandishi wasitafute mbali. Waitazame leso ya mama. Ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina, yaani ujumbe mmoja mfupi unaosomeka kutoka mbali. Linganisha na yale mabango yenye aina sita za herufi, picha tisa na nambari za simu tano. Ni lipi utakalolikumbuka ukiwa ndani ya matatu inayokwenda?

Programu bila wizi

PageMaker ilipotokea mwaka wa 1985, iliwawezesha watu kupanga kurasa kwenye kompyuta ndogo badala ya kukata na kubandika kwa gundi. Photoshop ilifuata mwaka wa 1990, na InDesign mwaka wa 1999. Tangu 2013, kampuni ya Adobe imekuwa ikizielekeza programu zake kwenye malipo ya kila mwezi au mwaka, gharama ambayo humlemea mwanafunzi.

Wengi hukimbilia nakala za wizi, ambazo licha ya kuvunja sheria huweza kuja na virusi vya kuteketeza kazi yote. Hakuna haja. GIMP hurekebisha picha, Inkscape huchora nembo, na Scribus hupanga kurasa za vitabu na kutoa faili za CMYK. Zote tatu ni za bure na ni halali.

Chochote utakachotumia, mpelekee mpiga chapa faili ya PDF iliyobeba fonti zake ndani. Ukimpa faili ambayo fonti zake hazimo katika kompyuta yake, kompyuta hiyo itachagua fonti nyingine na mpangilio wote utavurugika.

Prufu na mkataba

Uliza pia kazi itachapishwa kwa mtambo upi. Ule wa ofseti huhitaji bamba moja kwa kila rangi, kwa hivyo kuuandaa ni ghali, lakini bei ya nakala moja hushuka kadiri nakala zinavyoongezeka. Mtambo wa kidijitali hauhitaji bamba, nao wafaa kwa nakala chache. Kadi hamsini kwa ofseti ni hasara. Vitabu elfu tano kwa dijitali pia ni hasara.

Kabla ya yote, itisha prufu ya karatasi. Itazame kwa mwanga wa mchana. Mpe mtu ambaye hajaiona aisome kwa sauti: majina, tarehe, siku ya juma, mahali na nambari za simu. Kisha mteja atie sahihi. Sahihi hiyo ndiyo itakayokata shauri ukizuka ugomvi.

Mwisho, vijana wasanifu, andikeni mkataba hata kama kazi ni ya binamu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 huchukulia kwamba kazi iliyoagizwa na mteja hakimiliki yake imehamia kwa mteja huyo, isipokuwa mkiwa mmekubaliana vinginevyo. Ukurasa mmoja unaotaja bei, idadi ya masahihisho, siku ya kukabidhi kazi na nani atamiliki mchoro watosha.

Basi, nani alaumiwe? Ikiwa prufu ilitiwa sahihi na kosa limo humo humo, mteja na msanifu wagawane mzigo. Ikiwa kilichotoka mtamboni si kilichokuwa kwenye prufu, mpiga chapa arudie kwa gharama yake. Na ikiwa hapakuwa na prufu wala mkataba, kila mmoja atashika lake na hakuna atakayeshinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kadi mia tano zilizoharibika ni ghali kuliko karatasi moja ya prufu.