Dundu Mfu na Saa Mbovu Huwa Sanamu

Saa ya mkono ikiharibika kabisa unaifanyia nini? Wengi wetu huitupa. Na dundu akifa je? Tunamfagia tu.

Nchini Marekani yuko msanii aitwaye Mike Libby. Siku moja aliokota dundu mfu ambaye hakuvunjika. Akamtazama vizuri, akaona mdudu yule ameungwa kama mashine ndogo. Basi akachukua saa ya zamani, akatoa magurudumu yake yenye meno, akayapachika mwilini mwa dundu. Ikawa sanamu. Kazi hiyo aliianza mwaka 1999. Hutumia pia vipande vya cherehani na taipureta za zamani. Sanamu zake hazitembei. Ni mapambo.

Je, kwa nini dundu huyo haozi? Mdudu hana mifupa ndani. Ganda lake la nje ndilo linalomshikilia. Kinachooza ni nyama ya ndani. Nyama ikitolewa, na ganda likakaushwa, hudumu miaka mingi.

Kazi yenyewe hufanywa hivi:

1. Dundu mkavu huvunjika upesi. Kwanza huwekwa ndani ya chombo chenye kitambaa chenye majimaji, kisha chombo hufunikwa. Baada ya siku moja au mbili miguu hulainika.

2. Mabawa magumu ya juu hufunguliwa. Nyama ya tumboni hutolewa polepole.

3. Miguu hunyooshwa na kushikizwa kwa pini juu ya ubao laini. Huachwa kivulini mpaka dundu akauke kabisa.

4. Vipande vya saa hubandikwa ndani kwa gundi kidogo.

Sanamu hii ina maadui wawili. Unyevu huleta ukungu. Sisimizi na vidudu wengine huitafuna. Kwa hiyo huwekwa ndani ya sanduku la kioo lililofungwa vizuri. Usiipake dawa ya shambani! Hiyo ni sumu, na watoto hupenda kushika mapambo. Saa ikiwa ya betri, weka betri mbali nao. Mtoto akiimeza anaweza kufa.

Tena, tusiue wadudu ovyo. Dundu anayeviringisha mavi ya ng'ombe huyafukia, na udongo hupata mbolea. Lakini chonga hutoboa kilele cha mnazi, na mkulima wa pwani humtoa kwa waya wenye ndoana. Chonga ni mweusi, anang'aa, tena ana pembe. Kama hakuvunjika, huyo afaa kuwa sanamu.

Basi, kabla ya kutupa saa mbovu, ifungue kwanza uitazame.