Je, Wajua? Umeme Ulikatika Ghana, Kampuni ya Meli Ikanusurika

Je, wajua kwamba Maersk, kampuni ya Denmark inayosafirisha makontena dunia nzima, iliwahi kuokolewa na umeme kukatika?

Tarehe 27 Juni 2017 kompyuta zake zilianza kuzimika moja baada ya nyingine. Kirusi cha NotPetya, kilichoanza kusambaa kupitia programu ya uhasibu inayotumika Ukraine, kilikuwa kimeingia. Nje ya bandari ya Elizabeth, New Jersey, malori yalipanga foleni na getini hapakuwa na mfumo wa kuyaruhusu kuingia.

Nakala za akiba zilikuwepo, ila si za kila kitu. Kulikuwa na seva zipatazo 150 zilizobeba ramani ya mtandao mzima na kuamua nani aingie wapi. Zilikuwa zikinakiliana zenyewe, ili moja ikifa nyingine zishike. Kwamba zote zingefutika kwa mpigo, hakuna aliyeliwazia hilo.

Ikapatikana moja nzima, katika ofisi ya Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, nayo ikawa nje ya mtandao. Kutuma data zile kwa intaneti hadi Uingereza, kulikofanyiwa kazi ya kurejesha mfumo, kungechukua siku kadhaa, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya huko. Basi mmoja akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski pale uwanja wa ndege, naye akaendelea nayo hadi London. Anayeishi na mgao wa umeme na foleni za ubalozini ana haki ya kucheka kidogo hapa. Ndani ya siku kumi kampuni iliweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Wakubwa wa kampuni kubwa hupenda kusimulia majanga kana kwamba kila hatua ilipangwa mezani. Mara nyingi waliokota kilichokuwa karibu.

Je, wajua kwamba Fanta ilizaliwa Ujerumani ya Hitler? Vita vilipokata njia ya viungo vya Coca-Cola kutoka Marekani, Max Keith, mkuu wa tawi la Ujerumani, alihitaji kinywaji cha kuviweka viwanda vyake hai. Mwaka 1940 akatumia mabaki: maji yanayobaki jibini ikishatengenezwa, na makapi ya matofaa yaliyokwisha kukamuliwa. Sukari ilikuwa ya mgao, kwa hiyo akina mama wengine waliimimina Fanta kwenye supu ili ipate utamu. Keith alifanya biashara chini ya utawala wa Kinazi na akapewa kusimamia viwanda vya Coca-Cola katika nchi zilizotekwa. Hilo hulioni kwenye matangazo. Fanta ya machungwa tunayoijua ilianzia Napoli, Italia, mwaka 1955.

Na kahawa ya kukoroga? Soko la hisa la New York lilipoanguka mwaka 1929, bei ya kahawa iliporomoka, na Brazil ikabaki na shehena zisizo na mnunuzi. Nyingine zilichomwa moto. Nestlé ikaombwa itafute namna ya kuihifadhi. Mkemia wake, Max Morgenthaler, akahangaika miaka kadhaa, na Nescafé ikaingia sokoni Uswisi tarehe 1 Aprili 1938. Hata mikoa yetu inayolima kahawa leo inanunua ya kopo.

Karibu na nyumbani: tarehe 16 Machi 2020, siku tatu baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona, Safaricom ilitangaza kuondoa ada ya kutumiana hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa, ili watu wapunguze kushikana noti mikononi. Msamaha uliotangazwa kuwa wa siku 90 ukasogezwa hadi mwisho wa mwaka. Januari 2021 ada zikarudi, isipokuwa kwa anayetuma shilingi 100 kushuka chini.