Nukta Haihami: Kuzidisha Desimali kwa Jedwali la Nafasi

Kigombe ni kijiji cha wavuvi katika Wilaya ya Muheza, kando ya barabara iunganishayo Tanga na Pangani. Mahali samaki wauzwapo kwa mizani, desimali huamua mvuvi aondoke na nini. Ichukuliwe mathalani kwamba pweza ana uzito wa kilo 2.4, na mnunuzi ataka sehemu 3 za kumi za uzito huo. Mtoto aliyekariri kanuni huzidisha 24 kwa 3, akapata 72, kisha akaduwaa: nukta iwekwe wapi? Akiandika 7.2, amempa mnunuzi pweza watatu badala ya kipande.

Kosa hili halitokani na uvivu. Katika namba nzima alizozizoea, kuzidisha hukuza. Hata ile kanuni ya “ongeza sifuri” humfanya aandike 2.4 × 10 kuwa 2.40, namba ileile aliyoanza nayo.

Jedwali la nafasi huondoa utata huo, na mchanga wa pwani watosha kulichora. Zichorwe safu nne: makumi, mamoja, sehemu za kumi, sehemu za mia. Nukta ikae baada ya mamoja, wala isiguswe tena. Kete 2 ziwekwe katika mamoja na 4 katika sehemu za kumi. Kuzidisha kwa 3 ni kuzirudia kete hizo mara tatu: mamoja 6, sehemu za kumi 12. Kwa kuwa safu haibebi zaidi ya 9, kete 10 za sehemu za kumi hubadilishwa kwa kete 1 ya mamoja, kama noti kumi za shilingi 1,000 zibadilishwavyo kwa noti moja ya 10,000. Hubaki 7.2. Lakini kizidishi ni 0.3, yaani sehemu ya kumi ya 3. Kwa hiyo kila tarakimu husogea safu moja kulia. Jawabu ni kilo 0.72.

Walimu wengi husema “hamisha nukta”. Usemi huo ni mwepesi, ila huficha jambo lenyewe: zihamazo ni tarakimu.

Mwenye shaka juu ya 0.3 × 0.4 na achore mraba wa mita moja, augawe kumi kwa kumi. Pembe yenye vyumba 3 kwa 4 ina vyumba 12 kati ya 100, yaani 0.12, wala si 1.2.

Al-Kashi alieleza hesabu za desimali huko Samarkand mwaka 1427, na Simon Stevin akazieneza Ulaya kwa kitabu chake cha 1585. Mtoto asomaye tarakimu za Kiarabu chuoni naye hukuta mpango uleule, mamoja yakiwa kulia.

Zoezi la kujaribu mchangani ni 1.25 × 0.4. Kwa kuwa 125 × 4 ni 500, anayefuta sifuri kwanza ndipo ahesabu nafasi tatu huandika 0.005. Kete huonyesha 5 katika mamoja, kisha hatua moja kulia: 0.5.