RAV4 au Escudo: Gari Gani kwa Milima ya Mbinga?

Kabla ya lami, swali hili lisingeulizwa Mbinga. Aliyetaka kufika Mbamba Bay wakati wa kifuku alitafuta Land Cruiser au Land Rover, la sivyo alidandia lori na kumwachia Mungu yaliyobaki. Kisha ikaja lami ya Peramiho hadi Mbinga, kilometa 78, iliyojengwa kwa fedha za Marekani kupitia mfuko wa MCC. Baadaye zikafuata kilometa 66 za kuteremka kutoka Mbinga hadi ziwani, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Njia ikafunguka kwa magari ya kawaida, na mwenye akiba ya wastani akaanza kuwaza SUV ndogo iliyotumika Japani. Majina mawili hayakosekani katika mazungumzo hayo: Toyota RAV4 na Suzuki Escudo, ile ambayo nje ya Japani inauzwa kwa jina la Grand Vitara.

Lakini lami ina mwisho wake, na kahawa ya Mbinga haioti kando ya lami. Inaota juu, kwenye milima inayokaribia mita 2,000, katika miteremko ambayo Wamatengo wanailima kwa mashimo ya ngoro ili mvua isiondoke na udongo. Ziwa Nyasa liko chini kabisa, kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Litembo, Maguu au Langiro mwenye shughuli zake Liuli anashuka karibu kilometa moja wima, na kurudi ni kuipanda yote tena. Njia ya Kitai kwenda Ruanda na Lituhi nayo hupitisha malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, ambako uzalishaji ulianza mwaka 2011. Lori lenye shehena likipita kwenye udongo, kiangazi linaacha vumbi na masika linaacha mifereji inayomngoja mwenye gari dogo.

Hapo ndipo tofauti ya magari haya mawili inapoonekana. Yakiwa yamepangwa yadi, yanafanana kwa urefu, kwa viti vitano na hata kwa nafasi ya chini: RAV4 ina kama sentimita 19 kutoka ardhini, Escudo kama 20. Chini ya bodi hayafanani hata kidogo.

RAV4 ya kizazi cha tatu, iliyoingia sokoni Japani Novemba 2005, kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya mbele. Ya nyuma hupewa nguvu na kompyuta pale ya mbele yanapoanza kuteleza. Kuna kitufe cha kufunga mgawanyo huo, ila mwendo ukifika kama kilometa 40 kwa saa kinajifungua chenyewe. Gia ndogo ya mlima haina.

Escudo iliyotoka mwaka huohuo ina chesisi ya ngazi iliyounganishwa ndani ya bodi. Nguvu inakwenda magurudumu yote manne wakati wote, difu ya kati inafungika, na kwenye dashibodi kuna swichi yenye 4H, 4H LOCK na 4L LOCK. Ukiiweka 4L, nguvu ya kuzungusha magurudumu inaongezeka karibu mara mbili, na mwendo unapungua kwa kiasi hichohicho. Dereva anapanda utelezi polepole bila kukanyaga mafuta kwa hasira. Kwenye kushuka faida ni kubwa zaidi. Injini ndiyo inayolishika gari, breki hazipati moto, na mguu unabaki umetulia. Kwa mtu anayeteremsha familia au mgonjwa kutoka mlimani mvua ikinyesha, hilo lina uzito kuliko redio, rimu na rangi.

Escudo ya kabla yake, iliyotengenezwa kuanzia 1997 hadi 2005, ni ngumu zaidi. Ina chesisi kamili na mkono wa kuchagua 2H, 4H au 4L. Haina difu ya kati, hivyo 4H haitakiwi kwenye lami kavu: gari hukaza kwenye kona na vyuma vya ndani huumia. Wengi wanaoilaumu kwa kuharibika wameitumia hivyo kutoka Songea hadi nyumbani.

Kuna mtego mmoja wa RAV4 ambao mnunuzi wa Mbinga lazima aujue. Si kila RAV4 ni 4WD. Zile za kizazi cha pili zenye injini ya sisi 1,800, ambazo namba zao za chesisi huanza na ZCA, husukumwa na magurudumu ya mbele tu. Za kizazi cha tatu zenye ACA36 ni vivyo hivyo. Zenye nguvu kwenye magurudumu manne ni ACA20 na ACA21 kwa kizazi cha pili, na ACA31 kwa cha tatu. Asiyejua kusoma namba hizo ainame achungulie chini: kama hakuna propela shafti inayokwenda nyuma na difu kati ya magurudumu ya nyuma, gari hilo ni la mjini, hata dalali aape vipi.

Upande wa injini, RAV4 nyingi za sisi 2,000 zilizotoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina injini ya D-4, ambayo petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Ni injini nzuri ikitunzwa, lakini haitaki mafuta machafu, na pampu yake ya msukumo mkubwa ni ghali. Ile ya sisi 2,400 iliyofuata, 2AZ, ina historia ya kula oili. Marekani, Toyota yenyewe iliongeza muda wa dhamana kwa RAV4 za 2006 hadi 2008 kwa sababu hiyo. Escudo ya sisi 2,000 ina injini ya J20A, ya mfumo wa kizamani na yenye cheni badala ya mkanda. Ikichoka, cheni hupiga kelele asubuhi injini ikiwa ya baridi. Basi gari likaguliwe kabla halijawashwa siku hiyo. Muuzaji anayekupokea na injini iliyokwisha kupata moto amekunyima kipimo hicho.

Giaboksi pia ina neno lake. RAV4 za kizazi cha tatu zilizouzwa Japani zinatumia CVT, isiyo na gia za kawaida. Inataka oili yake maalumu, na kumimina ya giaboksi nyingine ni kuiua. Milima mirefu yenye mzigo huipasha moto. Escudo ya sisi 2,000 ina otomatiki ya gia nne au manyuo ya gia tano, na zote mbili fundi wa kawaida anazielewa.

Anayeagiza mwenyewe apige hesabu ya kodi mapema. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 na VAT asilimia 18. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya sisi 1,001 hadi 2,000, na asilimia 10 ikizidi hapo. Escudo ya sisi 1,995 inabaki daraja la chini, wakati RAV4 ya sisi 2,362 inapanda. Juu yake kuna tozo ya uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na 30 kwa lililozidi miaka 10. Kenya hukataza kabisa magari yaliyozidi miaka 8. Tanzania inayaruhusu, ila inayatoza. Kikokotoo cha TRA mtandaoni kinatoa jumla kabla mtu hajatuma hata shilingi.

Anayenunua la mkononi ataambiwa, "Hii namba E, bado mpya." Herufi hiyo inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania, si lilitengenezwa lini. Gari la namba D linaweza kuwa changa kuliko la namba E.

RAV4 ina sifa yake isiyopingika, nayo ni spea. Injini ya 2AZ imo pia ndani ya Harrier, Alphard na Ipsum, na ya D-4 imo kwenye Noah, kwa hiyo mafundi wamezizoea na vifaa vyake viko kila mahali. Mwenye Escudo mara nyingi huagiza mbali na kusubiri. Escudo pia inakunywa zaidi, na bei elekezi za EWURA za kila mwezi zinaonyesha wazi kwamba lita ya Mbinga ni ghali kuliko ya Dar es Salaam.

Kwa mfanyakazi wa mjini ambaye safari zake ni Songea na Mbamba Bay, RAV4 inatosha na itamgharimu kidogo. Kwa mkulima wa kahawa, mwalimu au mganga anayepanda milimani mvua ikiwa juu, gari ni Escudo, na gharama ya spea aihesabu kama sehemu ya bei.

Kabla ya kulipa, nenda na fundi wako, panda kilima, na kama ni Escudo simamisha gari, weka 4L na uhakikishe taa yake inawaka na gari linavuta. Angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi, kisha hamisha umiliki TRA wiki hiyohiyo. Muuzaji akikataa jaribio la kilima, achana na gari hilo.