Jumla: neno letu linalofanya kazi mbali



Neno «jumla» kila mmoja wetu analijua. Mtoto wa masomo ya msingi analiandika chini ya mstari anapomaliza kujumlisha hesabu. Mama anayenunua dagaa za kwenda kuuza Kalemie anauliza bei ya jumla. Lakini wengi hatujui kwamba neno hilo hilo liko kwenye kompyuta nyingi za Ulaya, Marekani na Asia. Huko wanaliandika Joomla. Juma hili tuongee juu yake, kwa maana wazo la chama kuwa na ukurasa wake kwenye intaneti linarudi katika mikutano yetu, na kabla ya kutoa franka za wamama ni vizuri tujue tunachonunua.

Joomla ni programu ya kupanga na kutunza habari na picha za tovuti. Bila programu ya namna hiyo, mwenye kutaka kuweka habari kwenye intaneti anapaswa kujua kuandika lugha ya mashini. Kwa Joomla, fundi anatayarisha nyumba mara moja, kisha anayejua kusoma na kuandika anaingia na kuandika kama anavyoandika barua.

Programu hiyo inagawanya kazi pia. Mwandishi anaandika na kusahihisha habari zake mwenyewe. Mhariri anasahihisha hata za wengine. Mchapishaji ndiye mwenye ruhusa ya kuzitoa watu wazione. Juu yao kuna msimamizi mwenye ufunguo wa nyumba nzima. Ndiyo njia ya gazeti letu hili: anayeandika siye anayeamua peke yake.

Sasa sikieni namna ilivyozaliwa, kwa sababu habari hiyo inatuhusu. Kwanza kulikuwa na programu iliyoitwa Mambo, ya kampuni moja ya Australia, Miro. Watu wa inchi mbalimbali waliisaidia kukua, wengi wao bila mshahara. Mwaka 2005 likaanzishwa shirika la kuisimamia, na wale waliokuwa wakiandika programu wakaona kwamba sauti yao haina uzito ndani yake. Tarehe 17 mwezi wa 8 wakatoka pamoja.

Je, walitoka mikono mitupu? Jina la Mambo waliliacha. Lakini kazi yenyewe waliweza kuendelea nayo, kwa sababu tangu mbele ilikuwa chini ya sheria ya matumizi inayoitwa GPL. Sheria hiyo inasema: kila mtu anaweza kuitumia programu, kuangalia namna ilivyoandikwa ndani, kuibadilisha na kumgawia mwenzake, na akigawa aliyoibadilisha, aigawe kwa sheria ile ile. Ni kama mama anayekufundisha kupika sombe yake na kukuambia: ongeza chochote unachotaka, ila akija mwingine kukuuliza, usimfiche.

Wakaomba watu mawazo ya jina jipya. Likachaguliwa neno letu la Kiswahili, kwa maana ya «wote pamoja», na mwezi wa 9 mwaka ule ule likatangazwa. Wakaunda shirika lisilotafuta faida, Open Source Matters, la kutunza jina na mali ya kazi hiyo. Mambo ikafifia, Joomla inaendelea mpaka leo.

Kiswahili hakikuishia kwenye jina hilo moja. Toleo la 3.9 la mwaka 2018 waliliita Amani. Tarehe 17 mwezi wa 8, 2021, miaka 16 kamili tangu siku ile ya kutoka, walileta mawili: Furaha, ambalo ni toleo la 4, na Daraja, la kuwavusha waliokuwa kwenye toleo la 3. Baadaye wakaja Bora na Pamoja. Mwanafunzi wetu anayefikiri Kiswahili ni lugha ya soko tu, aambiwe hayo.

Na anayesaidia kazi hiyo si lazima awe fundi wa kompyuta. Kuna wanaotafsiri maneno, wanaojaribu toleo jipya ili kuona lina kasoro gani, wanaoandika maelezo, wanaojibu maswali ya wageni. Kidole kimoja hakivunji chawa. Binti zetu wanaosoma informatiki Kalemie wanaweza kuanza hapo, hasa kwa kutafsiri, maana Kiswahili wamenyonya nacho.

Lakini tusidanganyane. Programu ni ya bure. Nyumba ya kuiweka kwenye intaneti inalipiwa, na jina la tovuti linalipiwa kila mwaka. Tena inadai kupewa matoleo mapya kila yanapotoka. Asipokuwapo wa kufanya hivyo, wezi wa mitandaoni wanapata mlango. Na telefone isiyo na moto wala rezo haitafungua tovuti yoyote, hata iwe nzuri namna gani.

Kwa hiyo kijana akija kwetu akisema atatutengenezea tovuti, tumwulize maneno matatu kabla ya kumlipa. Moja: jina la tovuti litaandikwa kwa jina la nani, chama ama yeye? Mbili: ufunguo wa msimamizi utakuwa kwa nani, na siku akihamia Lubumbashi utabaki wapi? Tatu: mwaka wa pili nani atalipa, na kwa pesa ipi?

Wenye vikundi vya akiba wanajua kwa nini sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo kwa mama wake. Hawakuweka hivyo kwa sababu mweka hazina ni mwizi. Waliweka ili asipokuwapo, au asipopatana na wenzake, mali ya wote isipotee. Wale wa Joomla waliokoka kwa sababu sheria ya kugawana iliandikwa kabla ya ugomvi. Sisi vilevile, majibu ya maneno yale matatu tuyaandike katika daftari la chama, yasomwe mbele ya wote na kutiwa sahihi, ndipo franka ya kwanza itoke.